Damu Chungu ya Kwetu Kibuyuni

Jumatatu, 5 Mei
Bahari ilikupwa mapema. Nimefunga mwani mpaka kiuno kikakataa. Mimba ya kwanza, na tayari inadeka. Kliniki sikwenda tena. Vidonge vya kukinga malaria nimewaachia wengine. Chandarua nilichopewa kimefunika vifaranga. Marehemu Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akisema damu yetu chungu, mbu akiionja huitema. Tulikuwa tukilala barazani kwenye mkeka mmoja, mimi na kaka yangu Sudi, Bibi akitupepea kwa upepeo wa ukili. Watoto wa jirani wakitetemeka kwa homa, sisi tunacheza. Raha ile siipati tena.

Alhamisi, 8 Mei
Homa. Baridi katika jua hili! Mume wangu Bakari anataka twende hospitali Msambweni. Nimemwambia ni uchovu. Mkaidi mimi.

Ijumaa, 9 Mei
Msambweni, wodini. Malaria. Mtoto hachezi tangu asubuhi. Naogopa.

Nimemweleza muuguzi habari ya damu chungu. Hakucheka. Wamenipima: nimebeba selimundu, chembe za damu zenye umbo la mundu, ya kurithi upande wa mzazi mmoja tu.

"Ilikukinga ulipokuwa mdogo, mwanangu," akasema. "Sasa una mimba. Malaria inajificha kwenye kondo la nyuma, inamnyima mtoto chakula."

Kisha akauliza kama kwetu kuna aliyekuwa akilia maumivu ya mifupa. Sudi. Vidole vikimvimba, Bibi akimkanda kwa mafuta ya nazi, akimwimbia mpaka anasinzia. Yeye aliirithi pande zote mbili. Tulimzika kabla hajatahiriwa. Damu ileile tuliyojisifia. Nimelia mpaka nikachoka.

Jumapili, 11 Mei
Amecheza! Teke moja, chini ya mbavu. Alhamdulillahi.

Bakari amepimwa pia. Naye amebeba; mtoto wetu anaweza kuwa kama Sudi. Alitoka kunitafutia madafu. Nampenda, na nimeshindwa kumtazama usoni.

Jumamosi, 2 Agosti
Mvulana. Mdogo mno, lakini kelele za mtu mzima. Bakari amemwadhinia. Wamemtoboa kisigino, damu imekwenda kupimwa. Kila nikimkanda vidole navichunguza.

Jumatano, 10 Septemba
Majibu yametoka. Amebeba upande mmoja, kama mimi na babake. Si kama Sudi. Bakari alisujudu palepale kwenye varanda ya kliniki, watu wakampisha.

Mtoto amenyonya, amelala. Nyumba kimya. Nimemkumbuka Bibi. Laiti angekuwepo, ningemgombeza kidogo kwa hadithi yake ya damu chungu, kisha nimpakatishe kitukuu wake.