Vizibo Vitano

Kibaha

Mdogo wangu Zena,

Shikamoo yako ilinifikia kwa simu ya mjukuu wako kabla ya vuli kuanza, nami nimenyamaza mpaka leo. Nisamehe. Marahaba. Miguu inaendeleaje? Mimi ni mzima, ila moyo ni mzito.

Uliponieleza kwamba mikorosho ya mama iliungua majani baada ya kupuliziwa dawa, niliogopa kuuliza mlifuata maelekezo gani. Juzi nimeiona karatasi yenyewe. Imetoka hapa kwenye duka la uchapaji ninakosahihisha.

Nilipoipitisha ilikuwa na picha na hatua nne. Ya nne ilisema: “Tia dawa vizibo 5 katika maji lita 15.” Baadaye mpangaji wa kurasa alikuza herufi ili wazee wasome bila taabu. Mstari ukaishia kwenye “vizibo”, na 5 ikashuka, ikakaa chini ya 4. Akadhani ni hatua ya tano, akaiwekea nukta. Ndiyo maana mjukuu alikusomea “tia dawa vizibo” akakomea hapo, nanyi mkamimina kwa kukisia.

Nilimwomba mwenye duka achape upya, kwa maneno: vizibo vitano. Hata “vitano” likiangukia mstari mwingine, “vi” yake itaonyesha kuwa ni la vizibo. Mpangaji alicheka, akasema leo Mzee Nukta, kama wanavyoniita hapa, kazikimbia nukta. Mwenye duka hakucheka. Alisema vipimo huandikwa kwa tarakimu, na karatasi zilizobaki zitapelekwa Msimbu kama zilivyo.

“Mzee wangu, wakulima wanaangalia picha tu,” alisema.

“Mdogo wangu alisomewa maneno,” nilimjibu. “Mikorosho aliyotuachia mama imekauka majani.”

Akasema atafikiri. Mimi nilirudi mezani, lakini sikuweza kusoma. Nilimkumbuka mama alivyokuwa kitandani, akiuliza habari za maua ya mikorosho kabla ya kuuliza habari zetu.

Usiikate mikorosho kwanza, mwite bwana shamba aitazame. Msalimie shemeji yetu wa Msimbu, fundi cherehani, umwambie asipulize bado, na majirani zake pia. Msalimie shangazi. Na mjukuu wako mwambie kwamba hakukosea kusoma.

Mwenye duka akikataa, sitaweka tena sahihi yangu kwenye kazi zake. Nitarudi Kurui tukae na hiyo miti itakayopona. Akishaamua, nitakuandikia.

Kaka yako,
Athumani