Pointi za Jumapili, Kola

Jumatatu, 6 Julai 1998

Faksi ya posta imeharibika tena. Nimesoma habari kwa simu, neno kwa neno, karani wa Nairobi akinitaka nirudie kila jina la Kikamba mara mbili. Aya tano. Mhariri atakata tatu. Siku hizi ana macho ya Kombe la Dunia tu.

Jana nilitumwa Kola, harambee ya paa la kanisa Katoliki, lile lililoharibiwa na mvua za El Nino. Hotuba za kawaida. Baada ya hotuba wasichana wakacheza voliboli kuchangamsha watu. Aya moja nimeiandika juu ya Ndunge, wa kidato cha nne katika shule ya misheni upande wa Mitaboni. Alikuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Pointi kumi na moja mfululizo, zote kwa sevu zake, mipira ya kuanzisha. Miaka kumi na tisa ya kuandika michezo, sijaona mkono kama ule. Nimesema hivyo gazetini, bila chumvi.

Jumanne, 7 Julai

Mhariri amekata hotuba zote. Ndunge amebaki. Nimefurahi.

Jumatano, 8 Julai

Nimekwenda shuleni kwao kuandika juu ya mechi ya Jumamosi, nusu fainali ya mkoa, hapa mjini. Kocha wa timu ya kampuni moja ya Nairobi anakuja kuchagua wasichana wawili. Wanaochaguliwa hupewa kazi ofisini na kuichezea kampuni. Ndunge anamaliza shule mwaka huu, na kwao hakuna wa kumlipia chuo. Nafasi yake ni hiyo Jumamosi.

Gazeti lilifika kabla yangu. Wenzake wanamtania uwanjani: "Nyota wa gazeti, tukubebee viatu?" Yeye hakucheka.

Mwalimu wa michezo, Kioko, akanivuta kando. "Mzee Muli, umetumaliza."

Akanionyesha fomu ambayo kila mchezaji hutia sahihi Januari, yeye na mzazi wake. Alama zisishuke chini ya C. Asikose ibada. Asimtukane refa. Kifungu cha sita: asicheze mashindano yoyote Jumapili, awe shuleni au nyumbani. Anayekivunja hachezi mechi inayofuata.

Kwa Wakatoliki wa Kola, mpira baada ya misa ni sehemu ya harambee, kama kuku anayepigwa mnada. Kwa hawa Waprotestanti wa misheni, hapana. Na mimi nilijua. Mke wangu ni wa kanisa lao. Jumapili kwetu hata redio ya mpira haifunguliwi. Nilisoma aya ile kwa simu nikiwaza faksi. Kosa langu.

Alhamisi, 9 Julai

Mwalimu mkuu, Madam Mutheu, ameniita. Gazeti lilikuwa mezani, aya ile imepigiwa mstari mwekundu. Ndunge alisimama kando ya kabati la vikombe. Kioko mlangoni.

Si mwanamke mkali. Aliongea polepole. "Magazeti hukosea, Bwana Muli. Ukiniambia hii habari iko na makosa, nitaamini, na msichana atacheza."

Alikuwa ananipa njia. Kila mtu mle ndani alijua. Nilijaribiwa, nikajionea aibu. Kisha nikasema habari ni sahihi, yote.

Akamgeukia Ndunge. "Na wewe?"

"Nilicheza, Madam. Paa ilikuwa inavuja. Sikufikiria fomu."

"Basi Jumamosi utakaa benchi."

"Sawa, Madam."

Nje, Kioko hakuweza kujizuia. "Neno moja tu, Mzee! Moja! Umeogopa nini?"

Sikuogopa kitu. Siwezi tu kuandika kitu Jumatatu na kukikana Alhamisi. Lakini atakayelipa si mimi. Hilo linanikera.

Ijumaa, 10 Julai

Nimempigia kocha wa Nairobi. Nikamweleza kisa chote, na mkono ule. Alisikiliza kwa adabu. "Mzee, mimi huchukua wenye nimeona." Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Kuna majaribio ya wazi Desemba, ila huko wanakuja mamia. Nimeandika tarehe.

Jumamosi, 11 Julai

Wameshindwa, seti tatu kwa moja. Ndunge alikaa benchi na sare yake, akigawa maji, sauti yake ikizidi za wote. Kocha kachukua wawili, wote wa timu pinzani. Kioko hakunisalimu. Nimetuma matokeo. Jina la Ndunge halimo.

Jumapili, 12 Julai

Siku ya wazazi shuleni. Nimekwenda baada ya ibada. Mama yake Ndunge alikuwa ametandika leso nyasini na kufungua sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Nilisimama nikaanza kueleza nilivyoandika bila kufikiri. Akanikatiza. "Kaa ule kwanza, Mzee. Mahindi hayajakukosea."

Nikakaa. Nikampa Ndunge karatasi ya majaribio ya Desemba. Aliisoma akampa mama yake.

"Siku gani hiyo?" mama akauliza.

"Jumanne," nikasema.

"Jumanne ni sawa," akasema, na wote wawili wakacheka. Mimi pia, kidogo.

Tulikula. Kisha Ndunge akasema, bila kuniangalia, kwamba gazeti lilikuwa na kosa. Pointi hazikuwa kumi na moja. Zilikuwa kumi na mbili.

Nikatoa daftari. Ukurasa wa Kola. Vistari vya kalamu, vitano, vitano, viwili. Kumi na mbili. Nilivisoma vibaya kwenye simu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema Alhamisi. Madam alihitaji kosa moja tu.

"Aliniuliza kama nilicheza," akasema. "Hakuniuliza ngapi."

Mama yake akaniongezea muthokoi.

Kesho nitapeleka masahihisho. Mstari mmoja. Mhariri atauliza nani anajali. Nitamwambia aweke tu.