Nafasi ya Koleo Ubaoni

Chumba cha uani,
Nyumba za Walimu.
Jumamosi, 14 Juni.

Mwanangu mpendwa, Bisibisi,

Shikamoo yako ya wiki jana niliipokea kwenye simu. Marahaba nakuletea kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa siku hizi unatetemeka kama wa mtahiniwa. Hujambo? Mgongo umepoa? Na mama mkwe wako ametoka hospitali? Nijibu kwa barua, maana kwenye simu huwa unasema "wazima" tu na kukata.

Mimi moyo umechoka. Daktari amenieleza kwa adabu na kuzungukazunguka, lakini nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, kutoa najua. Usilie. Chumvi nimekula ya kutosha. Limebaki jambo moja linalonikaba, nami sitaki kuondoka nalo.

Nianze na lililonifurahisha. Mwezi uliopita soketi ya chumba changu ilianza kutoa cheche. Jirani akawaita wanafunzi wa Chama cha Mafundi cha shuleni, kile kile ulichokuwa mwenyekiti wake, kilichokupa jina la Bisibisi. Wakaja watano na mwalimu wao, makoti ya bluu yamepigwa pasi. Mwenyekiti wa sasa ni binti mfupi mwenye sauti ya mpiga mnada. Wakazima umeme, wakafungua, wakaunga. Kabla ya kuwasha, kila mmoja akataja kazi yake. "Waya wa ardhini nimeunga mimi." "Soketi nimefunga mimi." Nikawauliza kama ni lazima.

"Bibi," mwenyekiti akanijibu, "umeme hausingizii mtu. Na sisi tusisingizie."

Hapo katibu wao akanyoosha mkono. "Ngojeni. Ule mwekundu sikuukaza. Kosa langu." Nikasubiri kicheko. Darasani kwangu wangemcheka hadi alie, na mimi ningewaacha. Hawa waligonga meza yangu mara mbili kwa mipini ya bisibisi kumpongeza, katibu akaukaza waya wake, taa ikawaka. Mtoto wa miaka kumi na sita alinivua nguo mbele ya birika langu la chai.

Unakumbuka nilivyokiita chama chenu: kituo cha waliokimbia hesabu. Nimelikula neno hilo, mwanangu. Wanaendesha vikao na kuandika kumbukumbu, wanazungumza na mteja bila kuuma kidole, wanapeleka kazi zao zipimwe na mafundi wa mjini. Wewe leo unaongoza mafundi kumi na wanane wa lifti, na watu wanapanda hadi ghorofa ya thelathini wakisoma magazeti yao kwa sababu wewe umesema pako salama. Picha yako ukiwa na kofia ya kazi nimeibandika juu ya kitanda. Kila anayekuja kunijulia hali lazima aione kwanza, ndipo apewe kiti. Ujasiri ule hukuupata kwenye pembetatu zangu.

Sasa nisikilize.

Ulipokuwa kidato cha tatu, ukikaa kwangu, wiki moja kabla ya mashindano ya ufundi, nilikuambia mwalimu wa ufundi amelifuta jina lako, kwamba hataki shule iwakilishwe na msichana. Hakusema hivyo. Nilitunga mimi. Yeye nikamwambia umejitoa mwenyewe, umechoka kuchafua mikono. Na lile koleo la kukatia waya alilokukabidhi ulipochaguliwa, ukalitupa jikoni kwa hasira ukisema nimrudishie, sikulirudisha. Ningemtazama kwa macho gani? Nililifunga kwa karatasi za mtihani, nikalizika chini ya sanduku.

Nilitaka uwe daktari. Ukasoma usichokipenda, ukaacha njiani, ukaanza ufundi ugenini ukiwa na miaka ishirini na sita, ukiwabebea vifaa vijana wadogo kwako. Miaka tisa nilikuibia. Na yule mwalimu ukamnyima salamu. Alipokuja kukuaga ulipomaliza shule, ulitoka kwa mlango wa uani. Nilikuona. Nikamkaribisha chai.

Jumatano nilijikongoja hadi karakana. Mwalimu wako huyo, Fyuzi kama mlivyomwita kwa hasira zake za kuungua upesi, amestaafu, ila kila Jumatano huja kuwatazama wanafunzi. Ule ubao wa vifaa bado upo ukutani, kila kifaa na umbo lake lililochorwa kwa rangi ili kinachokosekana kijulikane. Umbo la koleo lako li tupu. Miaka ishirini na miwili hajakubali litundikwe jingine.

Nikasimama na mkongojo wangu mbele yao wote nikasema, "Waya huu nilikata mimi." Nikaeleza mwanzo hadi mwisho. Watoto wakatazamana, hawajui wagonge au wasigonge.

"Nilijua," Fyuzi akasema. "Mtoto yule hakuwa wa kuacha kazi katikati."

"Mbona hukunisema?"

"Kosa lilikuwa lako, Mwalimu. Ningelitaja mimi, ungelikana." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini na hesabu zako zote! Kutoka kwako hadi hapa ni hatua mia nne, wewe umezitembea kwa miaka ishirini na miwili?" Akagonga meza mara mbili. Ndipo karakana nzima ikagonga.

Nikampa koleo alitundike. Akakataa. Akafungua daftari la vifaa, akanionyesha sahihi yako ya kitoto. "Aliyelitia sahihi ndiye atakayelitundika." Liko mezani chini ya ubao. Mwenyekiti amelipaka mafuta, na hakuna anayelitumia.

Sikudai msamaha, huo ni wako kuutoa au kuuzuia. Nakuomba uje. Ukinikuta, nitashukuru. Ukinikosa, usianzie kaburini. Anzia karakana, mwamkie mwalimu wako, tundika koleo lako. Halafu pita kwangu uniambie limekaa sawasawa.

Nisalimie mumeo, mama mkwe wako, na wale pacha wasiotulia. Baba yako anakusalimu. Haya bado hayajui, nitamwambia kesho akija baada ya chakula, na najua kaka yangu atafoka. Mungu akushike kila unapoingia kwenye shimo la lifti, na kila kamba uikazayo ishike.

Aliyekupenda vibaya, na bado akupendaye,

Shangazi yako.