Mlango wa Orlin

Kwa wifi yangu Gudrun,

Picha ya shamba la babu zenu huko Norwe imefika. Huku Minesota theluji imepanda mpaka madirishani, na mikate ya viazi niliyopika Jumapili imekauka kama ngozi.

Binamu yako Orlin alilazwa hospitali wiki mbili. Unamjua mume wangu huyo: miaka arobaini anawatengenezea watu wa mji huu mabomba, mapaa, hata ngazi za kanisa, na mlango wake mwenyewe umefungwa kwa kamba. Ukitaka kumsaidia atakataa mara tatu, kama ukoo wenu wote. Basi watu wakangoja asiwepo. Wifi, walikuja thelathini na mmoja kututengenezea nyumba, na misumeno yao, hata mchungaji na randa yake! Hakuna aliyekubali kwamba wazo lilikuwa lake. Nilisimama jikoni nimeduwaa, birika la kahawa mkononi, nisiweze kummiminia mtu.

Juzi nikamrudisha nyumbani. Akausukuma mlango, ukafunguka kimya.

"Nani kaniharibia mlango?"

"Mimi nitajuaje?"

"Ardis, wewe muongo mkubwa."

Akaufungua na kuufunga mara kumi, amenipa kisogo.

Daktari anasema hatauona msimu wa kupanda. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia hali si mbaya sana.

Bawaba ya chini ya mlango imekaa upande. Aliiona pale pale, namjua. Bisibisi anayo mfukoni tangu juzi.

Bawaba hajaigusa.

Wifi yako,
Ardis