Folda ya Mzee wa Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Mtandao umerudi saa nne. Mashine ya fotokopi ikamwaga faksi zote za mwisho wa wiki kwenye barua pepe ya ofisi. Zinakuja kama picha, hazina kichwa, namba tupu. Mimi na Edina tunafungua moja moja, kila mgonjwa tunamweka kwenye folda yenye jina lake. Daktari hutafuta kwa jina. Asipoliona, kwake majibu hayajafika.

Edina bado mgeni hospitalini hapa. Mikono myepesi, mdomo mzito. Ananichosha.

Jumatano, 5 Machi

Mzee Petro Bahitwa kaja tena kutoka Nyabiyonza. Ana uvimbe shingoni. Walikata kipande cha nyama wakakipeleka Mwanza kupimwa, na majibu ndiyo hayo tunayasubiri. Kanipa kahawa za kutafuna, kazifunga kwenye jani la mgomba. Nimetafuta jina lake, hakuna kitu.

"Bado, mzee wangu."

"Haya mama. Nimezoea."

Uvimbe umekua. Hilo halihitaji daktari. Edina alipomwona dirishani akatoka kwa mlango wa nyuma. Mgonjwa yuko mlangoni, yeye anakwenda kunywa chai! Nimekasirika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemuuliza Edina kama ameona majibu ya mzee Bahitwa. Kainamisha kichwa, akaendelea kufungua faksi. Kiburi cha wasichana wa siku hizi. Daktari anasema yasipofika, mzee atakatwa upya. Namwonea huruma.

Jumanne, 11 Machi

Nimepiga simu Mwanza. Wanasema walituma zamani.

Nimefungua folda zote, moja baada ya nyingine. Kulikuwa na moja imeandikwa "Mzee wa Nyumbani". Ndani faksi moja tu. Petro Bahitwa. Saratani ya tezi, aanze tiba bila kuchelewa.

Nikamwita Edina. Kumbe ni baba mkwe wake. Mtoto wa watu kaolewa pale juzijuzi, na kwa mila yetu mkwe hatajwi jina.

"Hukuambiwa utaje. Uliambiwa uandike."

"Kuandika si ndiyo kutaja, mama?"

Alidhani daktari hufungua folda zote. Kiingereza cha kwenye karatasi hakukielewa. Nilipomuuliza Ijumaa, nilikuwa nimelitaja jina mbele yake, akaona haya kujibu. Nimemsema mpaka akalia. Nikamwambia ujinga wake utaua mtu. Daktari alisoma, akasema tumepoteza muda. Kaandika rufaa ya Mwanza papo hapo. Mzee kapigiwa simu aje na mwanawe.

Jumatano, 12 Machi

Nyani haoni kundule.

Mimi nimeolewa Chonyonyo tangu Edina hajazaliwa. Baba mkwe wangu tulimzika kwenye migomba yake mwenyewe, na mpaka leo sijalitaja jina lake. Watoto walipoandikishwa shule na jina la babu likahitajika, nilimsukumia baba yao kalamu. Nimesahau hata kwamba nilifanya hivyo, ndivyo nilivyozoea. Nikamwita mwenzangu mjinga.

Nimejaribu kuliandika hapa. Shajara hii haisomwi na mtu. Mkono umekataa. Naona aibu, na bado umekataa.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee kaja na mwanawe kuchukua rufaa. Safari hii Edina hakukimbia. Kapiga magoti, uso kaugeuzia ukutani, shikamoo yake haikusikika vizuri. Daktari alikwishawaeleza ugonjwa. Mimi nikawaeleza faksi ilikokuwa. Niliogopa. Kijana akamtazama mke wake kwa hasira, nikadhani atampiga palepale.

Mzee akamshika kijana mkono. Alitafuna kahawa yake taratibu, hakuwa na haraka, mgonjwa ni yeye. Kisha akasema na mwanawe, si na mkwe:

"Mwambie mkeo, nyumbani mimi ni baba. Hapa ni mgonjwa. Aniandike."

Kijana alirudia maneno yote, ingawa Edina alikuwa hatua mbili kutoka pale na alikuwa amesikia. Nilitoka nje. Nililia nyuma ya tanki la maji.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mtandao unakatikakatika.

Faksi kutoka Mwanza. Mzee amelazwa, dawa zimeanza. Kama wamemuwahi hawakuandika. Nimeisoma tena nikitafuta hilo, halimo.

Edina ndiye aliyeifungua. Akaenda kwenye folda ile kubadilisha jina. Akaandika Petro. Akasimama, akafuta viganja kwenye kitenge, akaketi. Akamalizia Bahitwa. Hakulisoma kwa sauti, nami sikumwambia alisome.

Nikammiminia chai. Zilikuwa zimebaki faksi nne.