Filamu Iliyoungua

Ballarat, Jumapili

Lachlan,

Kuku wanataga, mvua imenyesha. Usije ukasema dada yako hakukusalimu. Ule mtambo wako wa kurusha chembe za atomu huko bandani nimeuchomoa umeme. Ulijikinga kwa mabamba ya madini ya risasi pale unaposimama wewe tu. Nilipouliza upande wetu, ulinicheka: "Acha woga, dada, miale haifiki huko!"

Jana nilipeleka filamu ya kamera ikasafishwe. Yote imeungua. Fundi akaniuliza, "Mama, hii umeipitisha kwenye eksirei ipi?"

Haijatoka nyumbani, mjinga wewe! Miezi mitatu imekaa kwenye rafu ya ukuta unaopakana na banda lako, juu ya mto anaolalia mwanangu Maeve.

Kesho tunakwenda hospitali. Njoo umwambie Maeve wewe mwenyewe kwa nini.

Noreen