Firigisi ya Aliyeileta Timu

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Singida mjini, upepo unataka kuninyang'anya hii kadi, na hasira haijanitoka. Jana timu yetu ya ligi kuu ilifungua uwanja mpya. Wewe unajua nani aliileta. Baba Mkubwa, enzi za udiwani wake, ndiye aliyewafuata wenye timu mpaka wakakubali kuhamia huku, na wachezaji walipokosa pa kula wakala kuku wako mpaka banda likabaki na manyoya.

Jana mheshimiwa wa sasa akahutubia kwamba timu kaileta yeye. Baba Mkubwa alikuwa juani, amekaa kwenye zege, maana viti vya hemani eti ni vya wageni. Walimkumbuka wakati wa chakula tu, wakamwita aombee. Akafumba macho, akawaombea wote, hata yule mwongo. Alipofumbua, firigisi, ambayo ni ya mwenye mji, ilishawekwa kwenye sahani ya mheshimiwa. Wakamwambia, "Asante, mzee," wakamwonyesha pa kutokea.

Nilitaka kuifuata ile sahani. Akanishika mkono: "Acha, mwanangu. Si timu imekuja?" Na yeye nimemkasirikia.

Tunarudi Misigiri Jumapili. Mungu akutunze, na kile kikohozi kikuache ulale. Yule jogoo mwekundu uliyewaficha wachezaji, mchinje. Waite majirani wote, firigisi umwekee Baba Mkubwa wakiona.

Mwanao,
Neema